Maji Aliyotaka Mama Yake Ayaone

Siku Nganga alipothubutu kufika mlangoni kwa Syprose, nusu ya watu wa laini ile ya nyumba za wafanyakazi walikuwa nje wakianika nguo, maana jua la Kericho halina ahadi na Jumamosi hiyo lilikuwa limetoka mapema. Walimwona akipita kati ya nyumba, kofia mkononi. Wanawake waliacha kuongea. Janefer, jirani wa mlango wa pili, aliinua beseni lake akaingia ndani na kuubamiza mlango, ili mgeni ajue kwamba ameonekana.

Walimjua kwa sababu ya maneno ya Syprose mwenyewe. Miezi minane kabla ya siku hiyo, katika maombi ya msiba uliokosa maiti, Syprose alisimama mbele ya waombolezaji, akamnyooshea kijana huyu kidole na kusema, "Huyo ndiye ameniulia mtoto." Hakusema zaidi. Lakini maneno hayo yalitoka kwenye mashamba ya chai yakafika hadi mji mdogo wa Silibwet, ambako Wahu, mama yake Nganga, ana duka la dawa za mifugo na chakula cha ng'ombe. Wiki haikuisha kabla mtu hajaandika MUUAJI kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa duka hilo.

Mtoto mwenyewe alikuwa Quinter, kitinda mimba wa Syprose na mumewe Oyugi, msichana wa miaka ishirini na sita. Alikuwa ameajiriwa katika duka la Wahu, na hapo ndipo alipopendana na Nganga. Syprose aliposikia, sasa ni miaka miwili, alikataa. Kijana hakuwa na kosa la kutaja. Hakuwa mlevi, alikuwa na kazi na adabu zake. Ila Syprose na Oyugi walikuwa Wajaluo wa kule ziwani waliokuja kutafuta kazi ya chai wakiwa wangali vijana, na akina Wahu walikuwa Wakikuyu. Uchaguzi baada ya uchaguzi, Syprose alikuwa amejijazia moyoni hesabu ya mambo ambayo Nganga hakuyafanya, na mengine yalifanyika kijana huyo akiwa bado mtoto wa nasari.

"Sitaki kusikia jina lake hapa kwangu," alimwambia binti yake. "Kwani kwetu wanaume wameisha?"

Basi Quinter akaacha kumtaja. Mwezi wa tatu akaaga kwamba anaenda Nakuru kwa mafunzo ya siku nne kuhusu dawa za ng'ombe. Kumbe alikuwa ameenda pwani na Nganga. Siku ya tatu walitembelea mahali fulani kaskazini ya Kilifi, juu ya majabali, ambapo watu huenda kutazama bahari. Hapo ndipo wimbi lilipomchukua. Boti zilimtafuta siku tisa. Kilichopatikana ni kiatu kimoja.

Hayo yote watu waliyajua. Kuna jambo moja tu ambalo hawakulijua, hata Oyugi aliyelala naye kitanda kimoja hakulijua. Siku hiyo Syprose alikuwa kazini kwenye kitalu cha miche, ameketi juu ya kreti, akikata vijiti vya chai, jani moja na kipande cha shina, jani moja na kipande cha shina. Asubuhi Janefer alikuwa amemnong'oneza kwamba Quinter ameonekana akipanda basi la Nairobi na yule Mkikuyu wake. Saa kumi na dakika kumi simu ikalia, simu ya picha, na sura ya Quinter ikajaa kwenye kioo. Syprose aliitazama. Akawaza: anataka kunidanganya huku akinitazama machoni. Akakata. Ikalia tena. Akakata tena, kisha akaizima kabisa, akaendelea na vijiti vyake mpaka kengele ya kutoka.

Sasa Nganga alikuwa amesimama mlangoni, amekonda mpaka kola ya shati imemlegea.

"Habari ya mchana, mama."

"Umefuata nini hapa?"

"Nimekuja kuomba kitu kimoja. Ukikataa nitaenda." Alikuwa akiizungusha kofia mikononi. "Nataka nikupeleke pale. Uone mahali. Hujawahi kuona mahali mtoto wako alienda, na mimi siwezi kukuelezea nikiwa huku. Nimejaribu kuandika barua nikashindwa."

Syprose alifungua mdomo amfukuze. Oyugi, ambaye nyonga yake mbovu ilikuwa imemfunga kitini tangu alipostaafu kazi ya boila ya kiwanda cha chai, akasema kutoka ndani, "Mama Quinter, nenda."

"Na yeye?"

"Nenda na yeye. Mimi ningekuwa na miguu ningeenda jana."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumatano iliyofuata walisafiri hadi Nairobi, wakalala kwa ndugu wa Oyugi, na asubuhi wakapanda treni ya Mombasa. Nganga alimbebea begi na kumchagulia kiti cha dirishani. Kisha akaenda kuketi safu ya nyuma, kama mtu aliyejua mahali pake. Njia nzima Syprose alitazama nchi ikibadilika rangi, kijani ikawa kahawia, kahawia ikawa nyekundu, na moyoni alijiambia kwamba anaenda kumsikia huyu kijana akikiri. Alikuwa amejiandaa kwa hilo. Alitaka atamke mwenyewe kwamba alifanya uzembe, ili yeye Syprose apate mahali pa kuweka mzigo wake.

Walifika pale juu ya majabali siku ya Ijumaa, kama saa tisa. Kulikuwa na lango dogo na mlinzi, mwanamke wa makamo aliyefunga leso juu ya sare. Alimtazama Nganga, akamtazama tena.

"Wewe ni yule kijana," alisema.

"Ni mimi. Huyu ni mama yake."

Mlinzi alisimama wima, akaivua kofia yake. "Pole, mama yangu. Pole sana. Tulimtafuta wallahi, hata sisi tusiojua kuogelea tulishuka na kamba." Akawafungulia bila kuwauliza kitu. Walipopita aliongeza kwa sauti ya chini, "Maji yanajaa saa hizi. Msishuke upande wa mwamba."

Palikuwa mahali pazuri. Hilo ndilo lililomkasirisha Syprose kwanza. Alikuwa amejichorea shimo jeusi, mahali pa kutisha, kumbe ni uwanja wenye nyasi fupi na mivinje inayovumisha upepo, viti vya mbao vimepangwa kuelekea baharini, na vyuma vilivyopakwa rangi nyeupe ili mtu asipitilize. Upande wa kushoto ngazi za mawe zilishuka hadi kwenye ufuo mdogo, na huko familia moja ilikuwa ikicheza mpira kwenye mchanga. Mbele hakukuwa na kitu ila maji. Syprose alikuwa amezoea kutazama chai ikienda mpaka ikutane na mbingu, akidhani kwamba hakuna kitu kikubwa kuliko hicho. Alishika chuma cheupe kwa mikono miwili.

"Ni hapa?"

"Hapa ndipo tulikuwa kwanza," alisema Nganga. Alibaki hatua mbili nyuma yake. "Tulifika saa tisa na nusu hivi. Yeye alikuwa anacheka tu. Alikuwa anasema, 'Mama akiona hii! Mama akiona hii!' Alikuwa na mpango wake, mama. Alikuwa amekaa nao tangu tutoke Kericho. Alisema, 'Nitampigia ya video, nimwonyeshe maji kwanza. Akishafurahi, nitageuza simu akuone wewe. Hawezi kugombana mbele ya maji kama haya.'"

Syprose hakugeuka.

"Akakupigia. Haikushika. Akapiga tena, haikushika. Nikamwambia labda umeona tuko pamoja, umekasirika. Akanikemea. Akasema, 'Wewe humjui mama. Mama hawezi kukata simu yangu. Ni network ya huko kwa chai, na pengine ako na kazi.'" Nganga alielekeza kidole kwenye vyuma. "Akasema basi atakurekodia, akutumie jioni uangalie ukiwa umepumzika. Akarekodi kutoka hapa, akaangalia, hakupenda. Akasema kutoka juu mawimbi yanaonekana madogo, mama atadhani ni lile bwawa la kampuni. Ndiyo akashuka pale."

Alinyoosha mkono. Chini yao, nje ya vyuma, kulikuwa na ubao wa mwamba, bapa kama meza, wenye majani ya kijani ya baharini. Maji yaliupanda taratibu, yakashuka, na safari nyingine yakaupiga kwa kishindo na kuruka juu ya kichwa cha mtu.

"Siku hiyo palikuwa pakavu," alisema Nganga. "Kulikuwa na watu wengine wanapiga picha hapo hapo. Mimi nilisimama kwenye hizo ngazi. Jua lilikuwa nyuma yake, uso wake ulikuwa giza. Nikamwambia..." Alijaribu tena. "Nikamwambia, 'Songa kidogo kulia, nikuone vizuri.' Akasonga. Mimi ndiye nilimwambia asonge, mama. Hilo ndilo sikuweza kuandika kwa barua. Ulisema mimi ndiye nilimuua, na nimekaa na hiyo kitu miezi minane, naona ulisema ukweli. Nilimwambia asonge hatua mbili, na akasonga, na maji yakaja."

Hicho ndicho Syprose alichokuwa amekisafiria. Ungamo lenyewe hilo, zima, kutoka kinywani mwa kijana. Angeweza kulipokea, akarudi nalo Kericho, na hakuna mtu duniani ambaye angemwuliza neno. Nganga alikuwa amesimama na mikono imelegea ubavuni, akingoja alaaniwe.

Ila masikioni mwa Syprose kulikuwa na maneno mengine. Mama hawezi kukata simu yangu.

Aliachia kile chuma, akaketi chini kwenye nyasi, si kwenye kiti. Nganga alikimbia kumshika, yeye akamzuia kwa mkono.

"Kaa hapo. Keti, Nganga."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Kijana akaketi.

"Network haikuwa mbaya," alisema Syprose.

"Mama?"

"Simu niliiona. Nilikuwa kwa kitalu, simu iko hapa kwa mapaja. Niliona sura yake. Nilikuwa nimeambiwa mko pamoja. Nilikata."

Nganga alimtazama kama mtu asiyesikia lugha vizuri. "Ya kwanza?"

"Zote mbili. Halafu nikazima."

Mpira ulipigwa huko ufuoni, watoto wakashangilia. Syprose aliona uso wa Nganga ukipitiwa na mambo, moja likifukuza lingine, na alijua anahesabu kama alivyokuwa akihesabu yeye sasa hivi: kama simu ingeshikwa, Quinter angekuwa amesimama hapa juu, nyuma ya vyuma, akipiga kelele za furaha.

Kisha Nganga akainuka, akaenda. Alishika ngazi za mawe na kuzishuka mbio bila kutazama nyuma.

"Nganga!" Syprose alijiinua kwa magoti yake mabovu. "Nganga, ngoja! Mlinzi! Mama, mshikeni!"

Alishuka zile ngazi akishikilia ukuta, kiatu kimoja kikamtoka akakiacha. Alipofika chini kijana alikuwa ameshavuka mchanga na maji yalikuwa yakimfikia vifundoni. Syprose alimrukia akamshika shati kwa nyuma, akalishika kwa mikono yote miwili mpaka kifungo kikakatika.

"Usiende! Usiniongezee mwingine!"

"Niachie, mama," alisema Nganga. Sauti yake ilikuwa ya kuchoka tu. "Naenda kunawa uso."

Hakumwachia. Basi Nganga akainama hivyo hivyo, akiwa ameshikwa shati, akachota maji ya bahari na kunawa. Halafu akaketi palepale mchangani na kulia kwa sauti, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, mpaka ile familia ikaokota mpira wake na kusogea mbali. Syprose aliketi kando yake. Alitamani kumwekea mkono begani, lakini aliona mkono wake hauna haki hiyo.

"Walitaka kuchoma duka," alisema Nganga mwishowe. "Mama yangu alikaa siku tatu bila kutoka nje. Watu wa kanisa letu wenyewe walikuwa wananiuliza kama nilimsukuma. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini ulisema?"

"Kwa sababu nisingesema wewe, ningesema mimi."

Kijana alitikisa kichwa polepole. Hakumsamehe, na Syprose hakuomba. Walikaa mpaka mlinzi aliposhuka na kile kiatu mkononi, akawaambia kwa upole kwamba maji yatafika hapo walipo. Kabla ya kuondoka, Syprose alirudi juu peke yake, akasimama penye vyuma na kumwita binti yake kwa Kijaluo, kwa jina lake la nyumbani ambalo hata Nganga hakulijua, akamwambia twende nyumbani. Upepo ulikuwa mkali. Aliita mara kadhaa.

Safari ya kurudi, Nganga alimbebea begi kama mwanzo, akamnunulia chai kwenye treni, akamwuliza kama anasikia baridi. Mengine hakuyazungumza. Waliposhuka Kericho mjini mvua ilikuwa ikinyesha. Alimtafutia pikipiki yenye mwavuli, akamwelekeza dereva njia ya laini.

"Nimekufikisha, mama," alisema. "Mimi sitakuja tena kwenu."

"Sawa, mwanangu," alisema Syprose, na neno hilo likamchoma akilitoa, kwa maana lilikuwa limechelewa kwa miaka miwili.

Usiku huo alimweleza Oyugi kila kitu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukutani. Alikaa siku mbili bila kumsemesha mkewe. Siku ya tatu alisema, "Hayo uliyoniambia, si mimi uliyemkosea," na Syprose akaelewa.

Jumatatu iliyofuata alipanda gari kwenda Silibwet. Duka la Wahu lilikuwa na watu, wakulima wanne watano wanaongoja kupimiwa chakula cha ng'ombe, na mlango wake ulikuwa umepakwa rangi mpya ya buluu, lakini ukitazama kwa pembeni herufi bado zilikuwa zinaonekana chini yake. Wahu alikuwa nyuma ya kaunta na kijiko cha kuchotea mkononi, mwanamke mnene, kitambaa kichwani, miwani imeshuka puani. Hawakuwahi kuzungumza maishani mwao, ila walijuana.

"Mama Nganga," alisema Syprose akiwa mlangoni, "nimekuja kusema kitu, na nataka hawa watu wasikie."

Akakisema. Hakukipamba, hakulia. Alisema simu ililia mara mbili, aliiona, akaikata kwa sababu hakumtaka mtoto wao, na kwamba Nganga hakuua mtu. Alisema yeye ndiye aliyesema uongo mbele ya waombolezaji. Wakulima walitazama chini. Mmoja wao, mzee wa Kikipsigis mwenye koti la mvua, alitoka nje polepole, na wengine wakamfuata na kuacha magunia yao.

Wahu aliweka kijiko chini.

"Sasa unataka nikuambie nini?"

"Usiniambie kitu."

"Nganga hayuko. Ameenda Nyahururu kwa mjomba wake jana. Amesema hawezi kukaa hapa. Mtoto wangu wa pekee." Wahu alivua miwani, akaifuta kwa kona ya leso, akashindwa kuivaa. "Miezi minane huyo mtoto hakuweza kula watu wakimwangalia. Mimi nikimwambia kula, ananiambia, mama, hata mimi naona niliua. Na wewe ulikuwa hapo kwa chai yako, umenyamaza."

"Ndiyo."

"Wewe ni mtu mbaya."

"Ndiyo, mama."

Syprose aligeuka aende zake. Alikuwa ameshakanyaga ngazi ya nje Wahu alipomwita, kwa hasira bado.

"Wewe! Unajua alikuwa ananiita maitu? Quinter. Maitu ni mama kwa Kikuyu. Nani alimfundisha? Mimi sikumfundisha. Alijifunza peke yake. Miaka miwili ananichemshia chai hapa nyuma, ananisuka nywele siku za mvua. Na alipopotea sikuweza kukanyaga kwenu kumlilia. Nililia hapa ndani, kati ya magunia, kama mwizi."

Syprose alisimama. Hakuwa na habari ya chai wala ya nywele. Miaka miwili binti yake alikuwa na maisha mazima asiyoyajua, na sasa aliyejua alikuwa mwanamke huyu peke yake.

Mvua ilianza kuanguka kwenye mabati, ile nzito ya saa nane. Wahu alitazama nje, akamtazama mgeni wake ambaye hakuwa na mwavuli. Akasukuma stuli ya mbao kwa mguu, ikatoka nyuma ya kaunta.

"Keti," alisema. "Sijakusamehe. Lakini mimi nilimjua akiwa mkubwa tu. Niambie akiwa mdogo alikuwa mtoto wa namna gani."

Syprose aliketi. Kisha akaanza na siku Quinter alipozaliwa, siku ya mvua ya mawe iliyochana chai yote ya upande wa juu, mkunga amekwama ng'ambo ya mto, na jinsi mtoto alivyotoka akiwa na hasira, ngumi zimefungwa, akipiga kelele kuliko mabati.